Kuteleza si kuanguka? Soksi za mazoezi na usalama wa miguu yako

Leo nataka tuzungumze kuhusu soksi. Najua utacheka na kusema, "Nesi leo amekosa la kuandika." Cheka tu, lakini usifunge ukurasa. Nami nilicheka hivyo hivyo, na kicheko changu kilimvunja mtu mkono.

Naishi Southall, magharibi ya London. Anayeujua mji huu anajua kwamba ukitembea Broadway utasikia Kipunjabi zaidi ya Kiingereza, na kwenye menyu utakuta "mogo", ambayo ni mihogo yetu ile ile. Neno hilo lililetwa na Wahindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengine waliingia mwanzoni mwa 1968, wakikimbizana na sheria ya uhamiaji ya Machi mwaka huo, wengine wakaja 1972 baada ya Amin kuwafukuza Uganda. Kwa hiyo usishangae ukiwa kwenye foleni ya duka la mboga ukasikia mzee mwenye kilemba akisema "pole pole, mama."

Jirani yangu ni mmoja wao. Ni bibi aliyezaliwa Kisumu, sasa umri wake umepita miaka 75. Mimi humwita Mama, yeye huniita binti. Tunaongea Kiswahili juu ya ua, ananipa chapati, nampa mandazi. Ana kisukari kwa zaidi ya miaka 20 na nyayo zake zina ganzi. Baada ya mumewe kufariki alikaa sana ndani, nikamshawishi twende wote darasa la Pilates la Jumatano asubuhi, kwenye ukumbi wa jamii wenye sakafu ya mbao.

Siku ya tatu mwalimu alituomba tuvue soksi za kawaida, au tuvae zile zenye vidoti vya mpira chini. Mama hakutaka kuvua, kwa sababu ya baridi na kwa sababu anaona haya kuonyesha kucha zake. Akanigeukia mimi nesi, mtaalamu: "Binti, iko shida?" Nikamjibu, "Hapana Mama, soksi ni soksi tu. Hizo za vidoti ni biashara."

Dakika kumi baadaye tulikuwa tumesimama, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma. Soksi yake ya sufu ikateleza kwenye mbao kama sabuni. Akaweka mkono chini kujizuia, nikasikia sauti ambayo mtu aliyefanya kazi wodi ya mifupa haisahau. Kifundo cha mkono kilivunjika. Akakaa na plasta wiki sita.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kwa kijana, kweli. Kwa mtu wa miaka 75 mwenye ganzi miguuni, kuteleza na kuanguka ni kitu kimoja.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Hapa Uingereza, karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Kwa waliofikisha miaka 80 ni karibu nusu. Si wote wanaovunjika, lakini kuvunjika nyonga kwa mzee ni jambo zito sana. Wengi hawarudii kutembea kama zamani, na baadhi hufariki ndani ya mwaka mmoja.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye eksirei, nayo ni woga. Mama alipotolewa plasta aliniambia, "Binti, mimi basi. Nakaa nyumbani." Nilielewa, lakini nilijua kinachofuata. Anayeogopa kuanguka hatembei, asiyetembea misuli ya mapaja inaisha, na misuli ikiisha anaanguka zaidi, safari hii bila hata kuteleza. Huo mduara nimeuona kwa wazee wa kila rangi na kila dini.

Na usidhani ni habari ya wazee peke yao. Wengi wetu hapa tunafanya kazi za kusimama: kwenye nyumba za wazee, ghala za Heathrow, jikoni, usafi. Ukivunja mkono huwezi kumwinua mgonjwa wala kubeba boksi, na wengi wetu tukikaa nyumbani mfuko unalia na nyumbani Afrika wanangoja ada.

PILATES NI NINI HASA?

Wengine mnadhani ni mambo ya wanawake matajiri. Si kweli. Aliyeanzisha ni mwanamume, Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kama raia wa adui, na huko akaendelea kujenga mazoezi yake. Baadaye, katika miaka ya 1920, alihamia New York na kufungua studio.

Ni mazoezi ya polepole ya kuimarisha tumbo, mgongo, nyonga na mapaja, pamoja na kupumua vizuri. Mengine hufanywa umelala kwenye mkeka, mengine umesimama, na studio nyingine zina kitanda chenye springi na kiti kinachoteleza. Kwa sisi tunaoumwa mgongo kwa kuinua wagonjwa ni mazoezi mazuri, mradi mwalimu ana ujuzi na umemweleza maradhi yako.

Tangu zamani hufanywa bila viatu, na hapo ndipo soksi inapoingia.

MIGUU MITUPU AU SOKSI?

Kama ngozi yako ni nzima, huna kisukari na sakafu ni safi na kavu, miguu mitupu inafaa kabisa. Unyayo unahisi sakafu vizuri na ngozi inashika yenyewe. Studio nyingi hata hivyo zinataka soksi zenye vidoti, kwa ajili ya usafi na kwa ajili ya kuteleza, hasa kwenye kile kitanda cha springi. Fangasi za vidole na vijichunjua vya unyayo huambukizwa kwenye sakafu za kuchangia, kama unavyovikuta bafu za bwawa la kuogelea.

Kama una kisukari, sikiliza kwa makini. Usitembee miguu mitupu, si darasani wala nyumbani. Mguu wenye ganzi hukanyaga pini na usijue. Nimefunga vidonda vilivyoanza na kipande cha kigae au punje ya mchele mkavu jikoni, vikaishia kwa kukatwa kidole. Na kisukari ni jirani yetu: watu weusi na watu wa asili ya Asia Kusini tuna hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili kuliko wazungu.

Soksi ya kawaida kwenye sakafu laini ndiyo mbaya kuliko zote. Hailindi wala haishiki.

JINSI YA KUCHAGUA SOKSI NZURI ZINAZODUMU

Baada ya aibu yangu nilianza kuzichunguza kama ninavyochunguza vifaa vya wodini. Nimenunua za bei rahisi na za bei ghali. Haya ndiyo niliyojifunza:

1. Pitisha kidole gumba kwenye vidoti. Vizuri vinashika kidole na kukivuta kidogo. Vinavyoteleza kama plastiki ya mfuko havikusaidii. Mara nyingi silikoni laini hushika vizuri kuliko plastiki ngumu.

2. Angalia vimewekwa wapi. Viwe kisigino, chini ya vidole na kwenye vidole vyenyewe. Soksi nyingi za bei rahisi zina maua mazuri katikati ya unyayo, mahali ambapo mguu wengi wetu haugusi hata sakafu!

3. Vuta soksi kwa mikono miwili. Vidoti vikipasuka au kubanduka dukani, vitaisha kwenye mashine yako wiki ya pili.

4. Saizi ni muhimu kuliko bei. Soksi kubwa inazunguka, vidoti vinahamia juu ya mguu na wewe unabaki unateleza. "Saizi moja kwa wote" maana yake haimfai mtu yeyote vizuri. Chagua yenye kisigino kilichoshonwa kwa umbo la kisigino.

5. Kitambaa kiwe pamba kwa sehemu kubwa, kikichanganywa na nailoni na uzi wa kuvutika. Pamba hunyonya jasho, nailoni huifanya isitoboke, uzi wa kuvutika huibana mguuni. Kisigino na ncha ya vidole viwe vinene, maana hapo ndipo soksi hufa kwanza.

6. Mwenye kisukari au miguu inayovimba: geuza soksi ndani nje na upapase. Usichukue yenye mshono mgumu kwenye vidole. Juu isibane. Ukivua soksi ukakuta alama ya mstari mzito mguuni, hiyo si yako. Na ile mitindo ya vidole wazi si ya kwako.

7. Ukiwa na soksi ndefu za kubana ulizopewa hospitali, kumbuka nyingi zinateleza sana. Muulize nesi wako kabla ya kuvaa nyingine juu yake.

Ukifika nyumbani fanya jaribio hili. Shika meza au kaunta ya jikoni kwa mikono miwili, simama, kisha sukuma mguu mmoja mbele polepole. Ukikwama, umepata. Ukienda, rudisha dukani na risiti yako.

KUZITUNZA

Soksi hizi hufa kwa sababu ya ufuaji kuliko mazoezi. Zigeuze ndani nje, zifue kwa nyuzi 30, na usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa maana huacha utando kwenye vidoti. Usiziweke kwenye mashine ya kukaushia wala juu ya redieta, joto hukausha silikoni ikapasuka. Zianike tu. Usitembee nazo nje wala kuendeshea gari, vumbi na mchanga husaga vidoti. Zivae mlangoni mwa darasa, zivue mlangoni.

Nunua jozi mbili ubadilishe. Zangu nilizonunua hivyo zimeingia mwaka wa pili, wakati jozi ya kibandani ya paundi 3 haikumaliza mwezi. Kila mwezi rudia jaribio la kidole gumba. Vidoti vikiwa laini na vinang'aa, hizo sasa ni soksi za kulalia.

TUWE WAKWELI: SOKSI HAZITOSHI

Ukilazwa hospitali hapa, mara nyingi utapewa soksi zenye vidoti pande zote mbili, juu na chini, ili zikizunguka bado zishike. Nimezigawa miaka mingi. Lakini ukweli ni kwamba ushahidi kwamba soksi hizo peke yake zinapunguza kuanguka ni mdogo. Zinasaidia mtu asiteleze. Hazimsaidii mwenye kizunguzungu, asiyeona vizuri au asiye na nguvu mapajani.

Tena zina kasoro zake. Kwenye zulia zito zinaweza kunasa ukajikwaa, hasa kwa mtu anayeburuta miguu, kama mwenye ugonjwa wa Parkinson. Sakafu ikiwa na maji hazifui dafu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi Tanzania, sista wetu wa wodi hakuruhusu mgonjwa ashuke kitandani asubuhi mpaka sakafu iliyodekiwa ikauke. Nilikuja kusoma tena Uingereza, nikapewa makaratasi mengi kuhusu kuanguka, lakini lile la sista bado ni somo la kwanza.

Kilichothibitishwa vizuri ni mazoezi yenyewe. Mwaka 2019 shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya tafiti 108 zenye watu zaidi ya 23,000, ikaonekana mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee wanaoishi majumbani kwa karibu asilimia 23. Hasa ni yale ya kusawazisha mwili na kuimarisha miguu, na tai chi pia ilionyesha dalili nzuri. Kwa hiyo soksi kazi yake ni moja tu: kukuwezesha kufika darasani na kurudi salama ili mazoezi yafanye kazi yao.

NYUMBANI KWETU JE?

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunavua viatu mlangoni. Ni desturi nzuri na sitaki tuiache. Lakini angalia tulivyo: sakafu ya mbao za kisasa zinazong'aa, ngazi nyembamba za nyumba za Southall, soksi za kawaida, dera refu au kanga, na sahani ya pilau mikononi. Hiyo ni ajali inayotafuta siku yake.

- Weka kapu la soksi zenye vidoti au viatu vya ndani karibu na mlango. Viwe vimefunika kisigino. Kandambili na malapa yaliyolegea ni adui wa mzee.
- Dera na sari vipandishwe kabla ya kupanda ngazi. Mkono mmoja ubaki huru kushika reli.
- Bafuni vua soksi, weka mkeka wa mpira ndani ya beseni la kuogea na kavu nje yake. Tumia kandambili za mpira zinazokaa vizuri mguuni, na kausha katikati ya vidole.
- Vizulia vidogo vinavyoteleza viondoe au vibandike chini.
- Acha taa ndogo njia ya chooni usiku.
- Ukienda msikitini, gurdwara au kwenye shughuli ya kuvua viatu, chukua soksi zako kwenye mkoba.

Unaporudi nyumbani kusalimia, badala ya chokoleti nyingi, mpelekee mama jozi mbili. Siku hizi nyumba nyingi za kwetu zina vigae vinavyong'aa, na wazazi wetu wanazeeka juu yake tukiwa mbali.

MUULIZE GP WAKO

Umewahi kuanguka mwaka huu? Usikae kimya kwa kuona haya. Mwambie GP, tena mwambie lini, wapi na ulikuwa unafanya nini. Omba dawa zako zipitiwe, hasa za presha, za usingizi na za maumivu. Uliza kama kuna darasa la nguvu na usawa la NHS karibu nawe, mengi hayalipiwi. Kama una kisukari, una haki ya kupimwa miguu kila mwaka bila malipo. Hapa England, ukifikisha miaka 60, kipimo cha macho cha NHS ni bure.

Usisahau vitamini D. Ushauri wa Uingereza ni maikrogramu 10 kwa siku wakati wa majira ya kupukutika majani na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi, au wanaojifunika mwili wakati mwingi, tunashauriwa kufikiria kuitumia mwaka mzima. Jua la hapa si jua la Tanga.

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Usikimbilie kumwinua! Huo ni upendo unaoumiza. Mwache atulie, muulize anaumwa wapi. Kama nyonga inauma, hawezi kusimama, au mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, usimsogeze. Mfunike blanketi, piga 999. Kama amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin au apixaban, aende hospitali hata kama anasema yuko sawa. Kama haumwi popote, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti imara, kisha ainuke kwa nguvu zake pole pole.

MAMA YUKO WAPI SASA?

Alikaa ndani miezi mitatu. Nilienda kumwomba radhi, si kama nesi bali kama binti. Nikampelekea jozi mbili, za bluu, zisizo na mshono, vidoti mpaka kwenye vidole. Akazigeuza, akazipapasa, akaniangalia. "Wewe si ulisema soksi ni soksi tu?" Nikasema, "Nilikosea, Mama."

Hakurudi Pilates moja kwa moja. GP wake alimpeleka kwanza kwenye darasa la usawa la wazee, wiki kadhaa, akishika kiti. Dawa yake moja ya presha ikapunguzwa kwa sababu alikuwa akipata kizunguzungu akisimama, jambo ambalo hakumwambia mtu. Unaona? Soksi ilikuwa kosa langu, lakini haikuwa sababu pekee, na kama asingeulizwa tusingejua.

Sasa Jumatano tunakwenda tena. Husimama karibu na ukuta. Mkono wake haunyooki kama zamani na chapati anasukuma mpwa wake. Kila tukifika mlangoni ananiangalia miguu yangu kwanza kabla hajaangalia yake.

Basi msomaji, leo usiku kabla ya kulala geuza soksi zako uangalie chini. Halafu mpigie mzee wako simu umuulize yeye anavaa nini ndani ya nyumba. Tahadhari kabla ya hatari.

Ushauri huu ni wa jumla na hauchukui nafasi ya daktari wako. Tukijaliwa, toleo lijalo tutazungumzia presha na kizunguzungu cha asubuhi. Mbaki salama.